Uzito wa Sahani na Uzuri wa Sauti

Katika nchi yetu uzito ni shahidi anayeaminiwa upesi. Mnunuzi wa nanasi hulipima kwa mkono kabla ya kuuliza bei. Mkulima hulikataa jembe jepesi kwa kuwa ajua litapinda likikutana na udongo mkavu wa kiangazi. Mama anayechagua khanga husugua kitambaa kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akakirudisha mahali pake kikiwa chepesi mno. Katika mambo hayo yote mkono husema kweli, au walau husema uongo mara chache. Si ajabu basi kwamba desturi hiyo imehamia hata kwenye vitu ambavyo mkono hauna ujuzi navyo, na kimojawapo ni sahani ya santuri.

Baadhi ya wanafunzi watakaosoma makala haya huenda hawajapata kuiona sahani ikizunguka chini ya sindano. Nyumbani mwao muziki hutoka katika simu. Lakini sahani, ambazo wengi tulidhani zimekwisha kuzikwa na kanda na CD, zimefufuka. Nchini Marekani, mwaka 2020, mapato ya mauzo ya sahani yaliyazidi yale ya CD kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986. Katika ufufuo huo limezuka jambo ambalo zamani halikuwapo: sahani kuuzwa kwa kutajwa gramu zake. Sahani kubwa ya kawaida, yaani ile yenye upana wa inchi 12, huwa na uzito wa gramu 120 hadi 140 hivi. Tangu miaka ya 1990 makampuni kadhaa yamekuwa yakifyatua sahani za gramu 180, na nyingine za gramu 200, na kuandika tarakimu hizo kwenye kibandiko juu ya jalada, mahali pa kuonekana. Bei nayo hupanda. Anayeuza husema, au huacha mnunuzi ajisemee mwenyewe, kwamba sahani nzito ina sauti bora.

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la watu wenye nafasi na fedha za kuchezea. Kwetu sisi halikuja kwa mlango huo. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa na baa yenye kiwanja cha dansi, alifariki na kuacha makasha mawili ya sahani, nyingi zikiwa zile ndogo za inchi 7. Haukupita muda akatokea mnunuzi kutoka ng'ambo, mtu mpole na mwenye adabu, akataka kuyachukua makasha yote mawili. Alitoa fedha, tena si haba, na juu ya fedha aliahidi kuleta sahani mpya nzito zilizokusanya baadhi ya nyimbo hizohizo. Aliwaeleza warithi kwamba hawatapoteza kitu, kwa kuwa hizo mpya ni nzito na husikika vizuri zaidi kuliko hizi nyepesi zilizochakaa. Binti mkubwa wa marehemu alitujia shuleni, sisi tunaosimamia chama cha utamaduni cha wanafunzi, akatuambia, "Walimu wangu, sisi hatutaki kudhulumu wala kudhulumiwa. Ikiwa hizo nzito ndizo bora, hizi za baba tunazitunza za nini?" Alitupa wiki mbili za kumjibu.

Ilitubidi kwanza kujua sauti hukaa wapi ndani ya sahani. Juu ya kila upande umechorwa mfuo mmoja tu, mwembamba kuliko unywele, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kibandiko cha katikati. Katika sahani kubwa yenye muziki wa dakika ishirini na ushei, mfuo huo ukinyooshwa waweza kukaribia nusu kilometa. Kuta za mfuo zina mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo wimbo wenyewe. Sindano ikipita hutikiswa nayo, mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme dhaifu, umeme hukuzwa, na spika huurudisha kuwa sauti. Kina cha mfuo kwa kawaida hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, ilhali sahani yenyewe ina unene wa milimita mbili hivi. Maana yake ni kwamba sindano haijui kilichoko chini. Ukiongeza plastiki gramu 40 au 60 chini ya mfuo, mfuo haupati kina zaidi wala upana zaidi. Ni kama kujenga nyumba ileile juu ya msingi mnene zaidi: madirisha hayaongezeki.

Tena mfuo haupatikani kwa kuchorwa moja kwa moja kwenye sahani tunayonunua. Fundi huuchora kwanza kwenye bamba la alumini lililopakwa vanishi laini. Bamba hilo hupakwa fedha, kisha hulazwa katika maji ya nikeli yenye umeme mpaka likazaa bamba la madini lenye matuta mahali palipokuwa na mifuo. Kutoka hapo huzaliwa mabamba mengine, na la mwisho ndilo muhuri unaofungwa kwenye mashine. Plastiki ya vinili hupashwa moto kwa mvuke, hubanwa baina ya mihuri miwili, hupozwa kwa maji, na sahani hutoka. Muhuri mmoja waweza kufyatua leo sahani ya gramu 130 na kesho ya gramu 180. Kinachobadilika ni kiasi cha plastiki kilichotiwa kinywani mwa mashine. Fundi akiwa na haraka, ile nzito ndiyo hupata madhara, maana plastiki nyingi huhitaji muda mrefu zaidi kupata moto sawasawa na kupoa sawasawa. Ikitolewa kabla ya wakati wake hupinda, au mifuo yake haijai vizuri, na msikilizaji husikia mchakacho kama wa karatasi inayochanwa.

Historia nayo inatoa ushahidi ambao tulistaajabu kuona kwamba wafanyabiashara wa gramu hawautaji. Sahani nzito si uvumbuzi wa jana. Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kwa bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi taarabu kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza bomba, na hizo zikawa miongoni mwa sahani za kwanza za nyimbo za Kiswahili kuenea katika mwambao wetu. Sahani za aina hiyo, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa na upana wa inchi 10 na uzito upatao gramu 200, yaani zilikuwa ndogo kwa upana kuliko sahani kubwa za leo, lakini nzito kuliko hizo zinazojisifia gramu 180. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, jamaa ya lakiri iliyotumika kupigia mihuri barua za serikali, ukachanganywa na unga wa mawe. Nazo zilikuwa na kelele. Unga ule wa mawe uliisugua sindano ya chuma mpaka ikabidi ibadilishwe kila baada ya kupiga upande mmoja au miwili, na ukiiangusha sahani sakafuni ulikuwa unaokota vipande. Kama uzito ungekuwa ndio uzuri wa sauti, basi babu zetu waliokaa barazani na gramafoni ya kupiga hendeli wangekuwa wamesikia vizuri kuliko sisi sote. Walichosikia ni sauti ya Siti ikitoka nyuma ya mvua.

Palikuwapo pia sahani za Thomas Edison wa Marekani, zilizouzwa kuanzia mwaka 1912 hadi mwaka 1929, zenye unene wa robo inchi. Hizo zilisifiwa sana kwa sauti yake, na mtu angeweza kuzileta kama hoja dhidi yetu. Lakini unene wake ulikuwa na sababu maalumu. Katika sahani za Edison wimbo ulichorwa kwa kupanda na kushuka ndani ya mfuo, si kwa kwenda kushoto na kulia, kwa hiyo mpindo mdogo tu wa sahani ungesikika kama sehemu ya wimbo. Unene ulikuwa wa kuilinda isipinde. Mfuo wa kushoto na kulia ndio ulioshinda sokoni, na sababu ile ikapungua nguvu.

Na wembamba je, kwa nini umepata jina baya? Hapa ndipo tulipoona chanzo cha imani yenyewe. Katika miaka ya 1970 kampuni ya RCA ya Marekani ilikuwa ikifyatua sahani nyembamba mno zilizoitwa Dynaflex, ambazo uliweza kuzikunja kidogo mkononi kama jani la mgomba. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani kote, na kwa kuwa vinili hutokana na mafuta, viwanda vingi vikabana matumizi. Sahani zikazidi kuwa nyembamba, na baadhi ya viwanda vikachanganya plastiki mpya na ile iliyosagwa kutokana na sahani mbovu zilizorudishwa. Plastiki ya kusagwa yaweza kuwa na uchafu, na uchafu ni kelele. Mnunuzi wa wakati huo alishika mkononi kitu chepesi na kusikia masikioni kitu kibaya. Akaviunga viwili hivyo. Lakini ubaya ulitoka zaidi kwenye uchafu na haraka kuliko kwenye wepesi. Sahani nyembamba zilizofyatuliwa kwa plastiki safi, zikiwamo baadhi ya hizo Dynaflex, zipo mpaka leo na hulia vizuri.

Hata hivyo hatukutaka kumjibu mwana wa mzee kwa vitabu peke yake. Tulikuwa na mashine ya marehemu mwenyewe, ambayo fundi mmoja wa redio aliibadilishia mkanda na sindano. Mwenzetu mwalimu wa fizikia alikuwa na sahani moja ya jazi ya Marekani iliyonunuliwa na baba yake katika miaka ya 1970, na kwa bahati ndugu yake aliyeko Ulaya alikuwa amemletea toleo jipya la sahani hiyohiyo, la gramu 180. Tulitundika khanga kati ya mashine na wasikilizaji. Wasikilizaji walikuwa sita: walimu wanne, na wazee wawili waliowahi kupiga gitaa katika bendi za dansi, ambao masikio yao twayaheshimu kuliko yetu. Kila mmoja alipewa karatasi.

Mara ya kwanza wote sita walizitofautisha sahani mbili zile bila taabu. Ile nzito ilikuwa na besi iliyojaa na ukimya mkubwa kati ya nyimbo. Ile ya zamani ilikuwa na mikwaruzo, ila matoazi yake yalilia kwa ukali ambao mmoja wa wazee aliupenda zaidi. Laiti tungeishia hapo, mnunuzi yule angekuwa ameshinda kesi. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyekataa. Alitumia programu ya simu inayopima ukubwa wa sauti, akaonyesha kwamba sahani nzito ilikuwa ikilia kwa nguvu zaidi kidogo, na sikio la binadamu lina udhaifu wa kuona kilicho na nguvu kuwa ndicho kizuri. Debe tupu haliachi kuvuma, na bado watu hulisogelea. Kisha akaziinua sahani zote mbili kwenye mwanga na kutuonyesha maandishi madogo yaliyokwaruzwa kwenye ile sehemu tupu karibu na kibandiko. Hayakufanana. Mifuo yao ilichorwa na mafundi tofauti, kwa miaka tofauti. Kwa maneno mengine hatukuwa tumelinganisha uzito na uzito, bali fundi na fundi, na pia sahani mpya na sahani iliyokwisha kupigwa kwenye karamu mia.

Ndipo akafanya jaribio la pili, ambalo tungependa walimu wengine walijaribu darasani. Aliichukua ile sahani ya kawaida, akaitandikia chini yake sahani nyingine mbovu iliyosafishwa, akauinua mkono wa sindano kwa kadiri ya unene ule, na kuipiga. Kisha akaipiga bila kutandika. Wimbo uleule, mfuo uleule, lakini mara moja ukikalia uzito wa gramu 130 na mara nyingine zaidi ya gramu 250. Alirudia mara kadhaa kwa mpangilio aliojua yeye peke yake. Karatasi zilipokusanywa hapakuwa na msikilizaji hata mmoja aliyeshikilia jibu lake kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba ameitambua ile nzito, akaieleza kwa maneno ya kupendeza, "ina kifua." Ilikuwa ile nyepesi. Alicheka kuliko sisi sote.

Mwalimu mmoja wa kike, ambaye tangu mwanzo alitetea sahani nzito, alitoa pingamizi lenye maana: kwamba sahani mbili zilizolazwa pamoja si sawa na sahani moja nene, kwa kuwa katikati yao pana hewa na zaweza kutelezana. Ni kweli, na hatudai kwamba tulifanya kazi ya maabara. Tena yapo mambo ambayo uzito huyafanya. Sahani nene hupinda kwa shida zaidi ikisimamishwa vibaya rafuni. Wingi wa plastiki waweza kupunguza mtikisiko mdogo unaopanda kutoka mezani, ingawa mpira mzuri chini ya mashine hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Na anayefyatua sahani nzito mara nyingi ni yule aliyekusudia kufanya kazi kwa uangalifu tangu mwanzo, akachagua plastiki safi na fundi mzuri, kwa hiyo uzito huwa dalili ya uangalifu bila kuwa sababu ya sauti. Lakini hayo hayaji bure. Sahani nzito ikishapinda ni vigumu kuinyosha. Unene wake hubadilisha kidogo pembe ya sindano ikiwa mkono haukurekebishwa. Na kwa mtu wa Songea au Bukoba anayeagiza kutoka Ulaya, kila gramu hulipiwa nauli.

Kama tungetakiwa kutaja jambo moja linaloathiri sauti kuliko uzito, tungetaja mwendo wa mfuo, na hapa mwanafunzi achukue kalamu. Sahani kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Ukingoni, ambapo mduara wa muziki una upana wa sentimita 29, mfuo hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na kibandiko, ambapo upana umebaki sentimita 12, kasi imeshuka hadi sentimita 21. Mawimbi yaleyale sasa yamesongamana katika nafasi isiyofika nusu ya ile ya mwanzo, na sindano hushindwa kuyafuata vizuri. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande mara nyingi huwa na ukwaru, hasa kwenye herufi "s" za mwimbaji. Sasa chukua sahani ndogo ya inchi 7, yenye mizunguko 45. Huanza kwa sentimita 40 hivi na kumalizia kwa sentimita 25 hivi. Kwa hiyo kile kisahani cha gramu 40, ambacho mtoto aweza kukirusha kama tiara, kinapofika mwishoni hukimbia kuliko sahani ya gramu 180 inapofika mwishoni mwake. Sahani za marehemu zilikuwa za namna hiyo.

Na hizo zina habari yake, ambayo haimo katika mizani. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi kwa wingi, lakini ilizirekodi kwenye kanda, kwa ajili ya kutangaza hewani. Aliyetaka sahani ya kuuza alikwenda Nairobi, kulikokuwa na studio na kiwanda cha kufyatulia. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alirekodi huko, na sahani zake zilipigwa katika nchi zote mbili mpaka alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Mwaka 1977, mwaka uleule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Sahani iliyokuwa imevuka kabla ya hapo ikawa kitu cha kutunzwa. Tuliona katika makasha yale sahani zilizofutwa vumbi na kuvishwa gazeti mahali pa jalada lililochanika, na gazeti lenyewe limechakaa kwa kushikwa.

Upande mmoja wa sahani ndogo hauchukui wimbo mzima wa dansi. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, na upande wa pili, aghalabu, ni pale magitaa yanapochangamka na watu wanapoinuka. Mwenye baa alipaswa kuigeuza sahani kwa haraka wacheza dansi wakiwa wamesimama wameshikana mikono. Hata taarabu ya mwaka 1928 ilipatwa na mkasa huo, maana sahani ya mizunguko 78 ilichukua dakika tatu hivi kwa upande, na beti zilizozoea kuimbwa kwa kujinafasi usiku kucha zilibidi zipunguzwe ziingie humo. Mtu akituuliza ni kipi kilichobadilisha muziki wetu zaidi, uzito wa sahani au urefu wa upande wake, hatutahitaji kutundika khanga ili tumjibu.

Nyimbo za makasha yale ziko wapi leo katika hali ya kanda za awali? Baadhi ya kanda za redio zimo katika maktaba ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Za studio za biashara ni shida zaidi. Makampuni mengi yalifungwa au kubadilisha wenyewe, na wanaokusanya nyimbo za wakati huo ili kuzitoa upya huko Ulaya, kama ilivyofanywa mwaka 2013 katika mkusanyo uitwao Kenya Special, mara nyingi hulazimika kutafuta kisahani cha inchi 7 kilichosalia katika hali nzuri, kukiosha, kukipiga, na kunakili sauti yake. Sahani nzito inayouzwa leo yaweza basi kuwa binti wa sahani nyepesi. Mkwaruzo uliokuwa kwa mama huweza kusikika kwa binti, au hufutwa kwa kompyuta, na kompyuta ikifuta kwa pupa hufuta pia na mchakato wa kayamba. Hatusemi kwamba matoleo hayo ni mabaya. Yamewafikisha wanamuziki wetu kwa wasikilizaji ambao wasingewajua kamwe. Tunasema tu kwamba binti hawezi kuletwa kama badala ya mama, halafu mama achukuliwe, kwa hoja kwamba binti ni mnene.

Wala wajuzi wa huko hawana masikio ya ajabu yanayotupasa tuwasujudie. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya Marekani, iliyosifiwa na wapenzi wa sahani kwa kutengeneza matoleo ya bei kubwa yaliyodhaniwa kutoka moja kwa moja kwenye kanda za awali, ilikuwa kwa miaka kadhaa ikizipitisha nyingi kati ya kanda hizo katika hatua ya kidijitali. Watu walioapa kwamba wangeitambua dijitali wakiwa usingizini walikuwa wameisikiliza na kuisifu. Hatulitaji jambo hili kwa kuwacheka. Twalitaja kwa sababu kijana wetu akiambiwa na mgeni kwamba kitu cha kwetu ni hafifu, hujitilia shaka yeye kabla hajamtilia shaka mgeni.

Siku ya kumi na mbili tulikwenda nyumbani kwa marehemu, tukakaa barazani, tukawaeleza warithi yote haya kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika hapa. Kaka yao mdogo aliuliza swali ambalo sisi hatukuwa tumelitayarishia jibu zuri: fedha za mnunuzi zingelipa ada ya watoto wawili, je, sahani zitalipa nini? Tulimwambia kwamba juu ya fedha hatuna haki ya kuwashauri, kwa kuwa ada ni yao na sahani ni zao. Tulichoweza kuwathibitishia ni kwamba ile sehemu ya bei iliyowekwa kwa jina la uzito haina thamani waliyoambiwa, na kwamba kama watauza, wauze wakijua kuwa wanatoa asili na kupokea nakala. Dada mkubwa alinyamaza kitambo. Kisha aliamua wamuuzie mnunuzi zile zilizokuwa mbilimbili, na zilikuwa nyingi kuliko tulivyotazamia, maana mwenye baa alinunua akiba ya kila wimbo uliopendwa. Zile za pekee zisiuzwe. Mnunuzi alikubali. Alilipa, akashukuru, na zile nzito alizileta pia, nazo ni nzuri, twazipiga.

Chama cha wanafunzi kimeziosha zilizobaki kwa maji safi na kitambaa laini, kikazisimamisha wima mbali na dirisha la magharibi, na kuzinakili kwenye kompyuta ya shule ili zisipigwe ovyo. Jina la kila wimbo, la bendi, na maandishi yaliyokwaruzwa karibu na kibandiko yameandikwa kwenye daftari. Tatu kati yake hazina kibandiko wala maandishi yanayosomeka. Jumamosi moja katika mwezi wazee wa mtaa hualikwa shuleni kusikiliza nakala za hizo tatu. Mpaka sasa wamekubaliana juu ya mpiga tarumbeta wa moja, na wanabishana vikali juu ya mwimbaji wa nyingine.